Moshi wa Kiangazi, Kilomita 17 Juu

Mvua inapokatika mwezi wa tano, majani ya pori la Lubudi, kusini mwa Kongo, huanza kukauka, na kufikia mwezi wa saba mioto imetapakaa Katanga nzima. Wakulima wanasafisha mashamba, wawindaji wanafukuza wanyama. Baadhi ya gesi za mioto hiyo hatimaye hufika stratosfia, tabaka la hewa ambalo juu ya nchi za joto huanzia kilomita 17 hivi.

Baadhi ya siri za tabaka hilo zilifichuka Afrika Mashariki. Mwaka 1908 Arthur Berson na Hermann Elias walitoka Ujerumani wakaja kurusha maputo yenye vipimo juu ya Ziwa Victoria. Stratosfia yenyewe ilikuwa imejulikana kwa miaka sita tu. Vipimo vilionyesha jambo la kushangaza: hewa ya juu ya ikweta, mahali palipozoeleka kwa jua kali, ilikuwa baridi kuliko ya Ulaya, hata chini ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Kazi ya baridi hiyo ilieleweka mwaka 1949. Mwingereza Alan Brewer alikuta stratosfia ya kwao ni kavu mno, akaona kwamba hewa yake lazima ilipandia nchi za joto, ambako mvuke huganda na kubaki nyuma. Mwenzake Gordon Dobson alifikia wazo hilohilo kwa kufuatilia ozoni.

Mwaka 1996 Philip Mote na wenzake walionyesha kuwa mlango huo wa kuingilia stratosfia una misimu. Kati ya Disemba na Februari baridi huzidi, na hewa huingia ikiwa kavu zaidi. Katikati ya mwaka hupita na mvuke mwingi kidogo. Kisha hupanda polepole, chini ya milimita moja kwa sekunde, ikihifadhi alama ya msimu wake kama kanda iliyorekodiwa.

Setilaiti ya Aura, iliyorushwa mwaka 2004, ilionyesha kwamba kaboni monoksaidi nayo huacha alama za namna hiyo, na mioto ya Afrika na Amerika Kusini ni miongoni mwa vyanzo vyake.

Hata hivyo, moshi wa Lubudi haupandi moja kwa moja. Wakati wa kiangazi hakuna mawingu ya radi ya kuuinua. Upepo huusukuma magharibi, kuelekea Atlantiki. Kaboni monoksaidi iliyomo hudumu miezi miwili hivi tu, kwa hiyo sehemu kubwa hupotea njiani. Mvua zinaporudi mwezi wa kumi, huku mioto ya mwisho ikizimika, ndipo mawingu makubwa hubeba masalio kwenda juu.

Gesi za mioto huchangia kutengeneza ozoni, ambayo Nairobi huipima kwa maputo ya kila wiki, katika mtandao wa SHADOZ ulioanzishwa na Anne Thompson wa NASA mwaka 1998. Mtandao huo una vituo Ascension, Réunion na Irene, Afrika Kusini, lakini hauna hata kimoja Kongo. Hilo ni pengo kubwa. Lubumbashi, yenye chuo kikuu chake, inastahili kurusha maputo kati ya mwezi wa saba na wa kumi na moja, kipindi ambacho gesi za pori zinatoka ardhini na kuanza safari ya juu.