Nyundo ya Mhunzi katika Nchi ya Kahama

Msafiri apitaye Nyahanga, mjini Kahama, husikia habari za dhahabu kabla hajauliza. Lakini zamani, kabla dhahabu haijawa gumzo la nchi hii, madini yenye kicho yalikuwa chuma. Warongo, mabingwa wa kazi hiyo upande wa Geita na pembezoni mwake, waliyeyusha mawe katika matanuri ya udongo kwa makaa na mivukuto, kisha wakafua majembe ambayo Wasukuma waliyanunua, na ambayo aghalabu yalihesabiwa katika mahari. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilipochapa, mwaka 1943, makala juu ya uyeyushaji wa chuma wilayani Kahama, sanaa hiyo ilikuwa imekwisha kuzidiwa na majembe ya dukani yaliyotoka ng'ambo.

Tanuri huchorwa likapimwa. Pigo la nyundo je? Hilo lilipimwa mbali sana, mjini Moscow, katika miaka ya 1920, pale mwanasayansi Nikolai Bernstein alipowafunga wafanyakazi taa ndogo katika viungo vya mkono, akawapiga picha wakigonga tindo kwa nyundo. Akaona ajabu: bega, kiwiko na kifundo havikurudia mwendo ule ule hata mara mbili, ilhali nyundo yenyewe iliangukia palepale. Dhahiri ubongo hauamrishi kila kiungo peke yake, bali hushika makusudio, ukaviacha viungo vifidiane. Tena amri hutangulia tendo: gamba la ubongo la upande wa kushoto huuamuru mkono wa kulia, na ubongo mdogo ulioko kisogoni hubashiri matokeo, kwa kuwa habari ya jicho huchelewa, na chuma chekundu hakingoji mtu. Nadhani mhunzi wa Kirongo asingestaajabu sana.

Ubongo mdogo huohuo ndio mmojawapo wa mateka wa zebaki. Wachimbaji wadogo hunasia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, na mvuke wake hupita mapafuni hata ukafika kichwani. Madaktari wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliofika Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa karne hii, waliwapima watu kwa jambo jepesi: fumba macho, nyoosha mkono, gusa ncha ya pua kwa kidole. Aliyekwisha kudhurika, kidole chake hutetemeka kadiri kinavyokaribia, na pengine kikaikosa pua.