Jina la Kapteni Luna: Kutoka Kambi hadi Chuo

Kwa Kihispania, neno luna maana yake ni mwezi. Mgeni anayefika Las Vegas, mji mdogo wa New Mexico usio na uhusiano na ule wa kamari ulioko Nevada, anaweza kudhani kwamba chuo cha Luna Community College kilipewa jina la mwezi unaochomoza juu ya nyika. Kumbe ni jina la mtu. Kabla ya kuwa na madarasa na karakana, mahali hapo palikuwa kambi ya jeshi iliyoitwa Camp Maximiliano Luna, na chuo kilirithi ardhi pamoja na jina.

Maximiliano Luna alitoka katika ukoo wenye ardhi na makundi makubwa ya kondoo kando ya mto Rio Grande. Mji wao hadi leo unaitwa Los Lunas. Reli ilipofika huko na kutaka kupita katika ardhi yao, kampuni ya Santa Fe iliwajengea jumba kubwa kama sehemu ya makubaliano. Mmoja wa ukoo huo, Tranquilino Luna, aliiwakilisha New Mexico katika Bunge la Marekani miaka ya 1880. Hawa hawakuwa watu wa kuja. Mababu zao walikuwapo wakati nchi hiyo ikiwa chini ya Hispania, kisha chini ya Meksiko, na mkataba wa 1848 kati ya Meksiko na Marekani ndio uliowaingiza Marekani bila wao kuhama hatua moja.

Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne New Mexico haikukubaliwa kuwa jimbo. Ilitawaliwa kama eneo lililo chini ya serikali kuu, gavana wake akiteuliwa na rais. Vita kati ya Marekani na Hispania vilipozuka mwaka 1898, liliibuka swali lililowachoma wenyeji: je, watu wenye majina ya Kihispania wataelekeza bunduki zao upande gani? Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Hawa walikuwa kwao, na badala ya tuzo walidaiwa ushahidi.

Gavana Miguel Antonio Otero, naye mwenyeji wa asili hiyohiyo, aliitikia mwito wa kutafuta watu wa kujitolea. Luna akapewa ukapteni wa kombania F katika kikosi cha kwanza cha wapanda farasi wa kujitolea, kilichoongozwa na Kanali Leonard Wood na msaidizi wake, Luteni Kanali Theodore Roosevelt. Watu walikiita Rough Riders. Ndani yake walikuwamo wachunga ng'ombe, wachimba madini, Wahindi Wekundu na wasomi wa vyuo vikuu vya mashariki.

Bandarini Tampa, Florida, meli hazikutosha. Kati ya kombania 12, ni 8 tu zilizoruhusiwa kuvuka kwenda Cuba, na farasi wa askari wakaachwa. Hapo ndipo Luna alipotoa hoja ambayo Roosevelt aliiandika baadaye katika kitabu chake cha vita hivyo. Alidai nafasi ya kwenda kama haki yake, kwa kuwa alisimama kwa niaba ya watu wa damu ya Kihispania, na alitaka kuonyesha kwamba uaminifu wao kwa Marekani haukupungua hata chembe. Alikubaliwa. Kombania F ilipigana Las Guasimas tarehe 24 Juni, na tarehe 1 Julai ikawa miongoni mwa zilizopanda vilima vya San Juan. Wapanda farasi hao walipanda kwa miguu.

Mwaka uliofuata, Juni 1899, maveterani wa kikosi walifanya mkutano wao wa kwanza huko Las Vegas, na Roosevelt, wakati huo gavana wa New York, akasafiri kuhudhuria. Miezi mitano baadaye Luna alikuwa amekufa. Alikuwa amerudi jeshini na kupelekwa Ufilipino, na huko, katika kisiwa cha Luzon, alizama akivuka mto. New Mexico ilifanywa jimbo Januari 1912, miaka 12 baada ya kifo chake.

Kambi iliyopewa jina lake ikawa mahali ambapo Walinzi wa Taifa wa New Mexico walikusanyika kwa mazoezi. Miongoni mwao kilikuwamo kikosi cha 111 cha wapanda farasi. Mwaka 1940 farasi waliachwa kwa mara ya pili: kikosi kiligeuzwa kuwa cha mizinga ya kutungulia ndege, na hatimaye kikapewa namba 200. Inasemwa kwamba Kihispania chao kilikuwa sababu mojawapo ya kuchaguliwa kwenda Ufilipino. Walifika Septemba 1941, katika kisiwa kilekile cha Luzon. Tarehe 9 Aprili 1942 majeshi yaliyokuwa katika rasi ya Bataan kisiwani humo yalisalimu amri kwa Wajapani, ukafuata msafara wa mauti wa mateka kwa miguu na miaka ya kifungo. Kati ya wanaume wapatao 1,800 wa New Mexico, karibu nusu hawakurudi. Safari hii hakuna aliyewauliza uaminifu wao uko wapi. Msiba ulikuwa umeenea katika kila mji wa jimbo.

Baada ya vita umuhimu wa kambi ulipungua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya jimbo ilianzisha chuo cha ufundi ili vijana wa kaskazini-mashariki wapate stadi bila kuhama kwao, na uwanja wa gwaride ukapata wapangaji wapya: mafundi wa magari, wachomeleaji wa vyuma na walimu wao. Baadaye kikapanuka na kuchukua jina la sasa.

Timu za michezo za chuo zinaitwa Rough Riders. Wachezaji wake wa besiboli hukimbia mavumbini bila farasi, na katika hilo hawajaiacha mila: hata vijana wa kombania F, siku walipopanda kile kilima cha Cuba, farasi wao walikuwa wamebaki Tampa.