KAGERA YETU, SEHEMU YA 5: VITA VYA JIRANI NA MAKANISA

Tuendelee wadau. Hapa Muleba, Rubya na Kagondo ni hospitali za Wakatoliki, Ndolage ya Walutheri. Enzi za wamisionari waligombea waumini kweli kweli! Ila 1992 CCT na TEC wakaunda chombo kimoja cha afya na elimu, CSSC.

Aprili 1994 vita vya Rwanda vikaleta watu kama 250,000 Ngara ndani ya saa 24. TCRS ya Walutheri ikaingia kambini, Caritas ya Wakatoliki nayo ikaingia. Kuhara damu hakuulizi mtu kabatizwa wapi.

Sasa mbona bado kuna anayeipita hospitali ya jirani na mgonjwa mahututi, kisa dhehebu? Ndugu zangu, dakika hizo hazirudi.