Mtaa, Chama na Kiwanja: Klabu ya Harbour View katika Soka la Jamaika, 1974–2022

Historia ya michezo katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza imeandikwa, kwa sehemu kubwa, kama historia ya kriketi. C.L.R. James, katika kitabu chake Beyond a Boundary (1963), alionyesha jinsi vilabu vya kriketi vya Trinidad vilivyogawanyika kwa rangi na tabaka, kiasi kwamba kijana aliyechagua klabu alikuwa amechagua pia mahali pake katika jamii. Kandanda limepata wanahistoria wachache zaidi, na linapoandikwa husimuliwa kupitia timu za taifa: Jamaika katika Kombe la Dunia la 1998, Trinidad na Tobago katika lile la 2006. Vilabu vilivyowalea wachezaji hao hutajwa kwa kupita tu. Insha hii inaichunguza klabu moja, Harbour View ya Kingston, na kudai kwamba upekee wake haukutokana na kuwa karibu na watu kuliko vilabu vingine vya jiji hilo. Ulitokana na namna mtaa wenyewe ulivyozaliwa, yaani nje ya mgao wa nyumba uliofanywa na vyama vya siasa. Uhuru huo ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa kwa wachezaji.

Istilahi inahitaji kufafanuliwa mapema. Vilabu vya Jamaika hujitambulisha kuwa ni vya jamii, lakini neno jamii ni pana mno kwa mjadala huu, kwani linaweza kumaanisha kijiji, kabila au taifa zima. Neno mtaa linafaa zaidi. Mtaa una mipaka inayojulikana, majirani wanaofahamiana, na, katika Kingston ya miaka ya 1970, ulikuwa pia na rangi ya chama. Kuuliza klabu ni ya mtaa gani kulikuwa karibu sawa na kuuliza watu wake wanampigia nani kura.

Harbour View iko pembezoni mwa Kingston upande wa mashariki, pale Mto Hope unapoingia baharini na barabara ya kwenda uwanja wa ndege na Port Royal inapoachana na ile ya Mtakatifu Thomas. Eneo hilo lilikuwa na ngome ya kikoloni ya Fort Nugent, na mnara wake bado upo. Kuanzia mwaka 1960 kampuni binafsi ya ujenzi ilijenga hapo nyumba nyingi za zege zinazofanana, zikauzwa kwa mikopo ya muda mrefu kwa watu wenye mishahara ya kawaida. Waliohamia hawakuwa matajiri. Hata hivyo, walikuwa wenye nyumba, na hawakuwa na deni la shukrani kwa mbunge yeyote kwa sababu ya paa lililokuwa juu ya vichwa vyao.

Jambo hilo linaonekana dogo hadi lilinganishwe na yaliyotokea magharibi mwa jiji. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 makazi duni ya Back-o-Wall yalibomolewa, na mahali pake pakajengwa Tivoli Gardens chini ya usimamizi wa Edward Seaga, waziri na mbunge wa eneo hilo kupitia chama cha Jamaica Labour Party. Miaka ya 1970, chini ya serikali ya Michael Manley na chama chake cha People's National Party, Arnett Gardens ilijengwa kwa mtindo huohuo kwa ajili ya wafuasi wa upande wa pili. Mwanasayansi ya siasa Carl Stone aliiita mitaa ya namna hii ngome za kisiasa, na kwa hakika uchaguzi wa mwaka 1980 uligharimu maisha ya mamia ya watu. Kila ngome ilikuwa na klabu yake ya kandanda. Majina ya viwanja yanasema mengi: Tivoli Gardens huchezea Edward Seaga Sports Complex, na Arnett Gardens huchezea Anthony Spaulding Sports Complex, kilichopewa jina la waziri wa nyumba wa serikali ya Manley.

Isidhaniwe kwamba vilabu hivyo vilikuwa vya uongo, au kwamba mashabiki wake walikuwa makada tu. Kwa vijana wengi wa Tivoli na Arnett, mazoezi ya jioni yalikuwa saa chache ambazo bunduki haikuwa na la kusema. Aidha, ufadhili wa kisiasa haukuwa njia pekee hata magharibi mwa jiji. Boys' Town, iliyoanzishwa Trench Town mwaka 1940 na mchungaji Hugh Sherlock, ambaye baadaye alishiriki kuandika maneno ya wimbo wa taifa, ilitokana na kanisa na shule. Tofauti iko kwenye swali la nani alikuwa mlinzi wa klabu wakati wa shida. Katika ngome, mlinzi alikuwa na jina na kiti bungeni. Harbour View, iliyoanzishwa mwaka 1974, ilipokuwa na shida ilibidi iwageukie wakazi wake.

Kiwanja chake kidogo, kinachoitwa na wenyeji Compound, kipo ndani ya mtaa, karibu na mzunguko wa barabara. Kinachukua takribani watu 7,000. Hakina jina la mwanasiasa. Uongozi nao ulidumu mikononi mwa watu wachache waliojulikana, Carvel Stewart akiwa maarufu zaidi kati yao, na kudumu huko kulikuwa na faida na hasara zake: sera ya kukuza vijana haikubadilika kila uchaguzi wa klabu ulipofanyika, lakini klabu ilizoea pia kufikiri kwa vichwa vilevile.

Matunda ya sera hiyo yalionekana mwishoni mwa karne. Harbour View ilitwaa ubingwa wa Jamaika mwaka 2000, kisha mwaka 2007, 2010 na 2013. Mwaka 2004 ilikuwa bingwa wa vilabu vya Karibi, na mpinzani wake katika fainali alikuwa Tivoli Gardens. Vilabu viwili vya jiji moja, kimoja kutoka nyumba za mkopo na kingine kutoka nyumba za chama, vilikutana kuamua bingwa wa visiwa vyote. Mwaka 2007 ilitwaa tena taji hilo kwa kuishinda Joe Public ya Trinidad. Hata hivyo, mataji hayo yaliipeleka mahali ambapo umaskini wake ulionekana wazi. Katika Kombe la Mabingwa la CONCACAF la 2005 ilitolewa na D.C. United ya Marekani kwa kufungwa 2-1 mara mbili. Mwaka 2008 ilipangiwa klabu ileile: ilitoka sare ya 1-1 nyumbani, kisha ikafungwa 5-0 Washington.

Mabao hayo matano hayawezi kuelezwa kwa mbinu peke yake. Klabu isiyo na mwanasiasa wala tajiri mmoja nyuma yake ina bidhaa moja ya thamani, nayo ni mchezaji. Ricardo Gardner alicheza Kombe la Dunia la 1998 akiwa na umri wa miaka 19, na mwaka huohuo akauzwa kwa Bolton Wanderers ya Uingereza, alikobaki hadi 2012. Luton Shelton, aliyeifungia Jamaika mabao 35 kabla ya maradhi kumkatisha maisha Januari 2021, naye alitoka Harbour View na kufika Sheffield United mwaka 2007. Kila mauzo ya namna hiyo yaliiwezesha klabu kuendelea na kuidhoofisha timu kwa wakati mmoja. Wanaosifu mfumo huu kama ushindi wa kujitegemea husahau nusu ya pili ya hesabu.

Njia nyingine ilikuwepo, na San Juan Jabloteh ya Trinidad, iliyoanzishwa nayo mwaka 1974 kama klabu ya mtaani, iliifuata. Ilipata ufadhili mnono wa kampuni ya bima ya CLICO na kuongeza jina la kampuni hiyo kwenye lake. Ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2002, 2003–04, 2007 na 2008. Mwaka 2004 iliwafunga Chicago Fire 5-2 nyumbani, jambo ambalo Harbour View haikuwahi kuifanyia klabu ya Marekani, ingawa Jabloteh ilifungwa 4-0 katika mechi ya marudiano. Wachezaji wake watatu, Aurtis Whitley, Cyd Gray na Anthony Wolfe, walikuwemo katika kikosi cha taifa cha Kombe la Dunia la 2006. Januari 2009 kundi la kampuni lililoimiliki CLICO lilishindwa kulipa madeni na kuomba kuokolewa na serikali. Jabloteh haijatwaa ubingwa wa ligi tangu hapo. Harbour View, iliyozoea kuishi kwa kidogo, ilitwaa ubingwa mwaka uliofuata.

Itakuwa makosa kuhitimisha kutokana na hilo kwamba mtaa ni ngao isiyotoboka. Machi 2020 ligi ya Jamaika ilisimamishwa kwa sababu ya janga la UVIKO-19, kisha ikafutwa bila bingwa kutangazwa. Iliporejea mwaka 2021, chini ya kampuni mpya ya uendeshaji, mechi zote zilichezwa katika kituo kimoja huko Mona, bila mashabiki, na kuonyeshwa kwenye televisheni. Kwa klabu ya ngome au ya kampuni, hilo lilikuwa usumbufu. Kwa Harbour View liligusa kiini chake: mapato ya mlangoni, wauza vyakula wa siku ya mechi, na watoto waliozoea kuwatazama kaka zao kutoka ukutani, vyote vilitegemea timu kucheza Compound. Mwaka 2022 klabu ilitwaa taji lake la tano, ikiwa na kikosi cha vijana ambao baadhi yao walikuwa tayari wanatafutiwa timu ng'ambo.