Munganga wa kijiji na diploma ya mbali: historia iliyopita Kasongo

NYANGWE, Kasongo. Huku kwetu mtu akisema "nimetoka kwa munganga", mara nyingi hakuonana na daktari. Ameonana na muuguzi wa kituo cha afya. Desturi hiyo ina historia yake, ndugu wasomaji, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya hapa Kasongo.

Mwaka 1971 (miaka 100 kamili tangu mauaji ya soko la Nyangwe ambayo Livingstone aliyaona kwa macho yake) madaktari wa Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walianza mradi wa afya Kasongo. Waliona kwamba hospitali moja haitoshi kwa watu waliotawanyika vijijini. Vikawekwa vituo vya afya, na hospitali ikabaki kwa wagonjwa waliozidi nguvu za kituo. Kituo kikawa mikononi mwa muuguzi. Yeye ndiye aliyepima, akaandika dawa, akafuata watoto wa chanjo. Daktari alipita kumsimamia.

Kazi hiyo ilijulikana mbali. Mwaka 1981 timu ya Kasongo iliandika katika jarida la Lancet la Uingereza, ikiuliza swali gumu: mtoto aliyekingwa na surua anapona kweli, au anakufa baadaye kwa ugonjwa mwingine? Zoni za afya zilizoenea Zaire nzima miaka ya 1980 zilijifunza kwetu, na pia kwa Katana, Kisantu na Bwamanda.

Lakini diploma ya muuguzi haikukua pamoja na kazi yake. A2 ametoka shule ya uuguzi ya ngazi ya sekondari. Kwa mfumo wa zamani, A1 alisoma miaka 3 ya graduat huko ISTM, na A0 aliongeza miaka 2 ya licence. A2 anaweza kuongoza kituo miaka 20, kuzalisha mama usiku kwa taa ya mkono, na bado akabaki A2. Akitaka kupanda, ilimpasa aache kazi aende Bukavu, Lubumbashi au Kinshasa. Nani atalisha watoto wake? Na kituo chenye wauguzi wawili kitabaki na nani? Wako waliopata diploma kubwa wasirudi tena kijijini, na mimi siwalaumu sana. Vita vya 1996 hadi 2003 vilipokuja, hata njia ya kwenda shule ikafungwa.

Kenya walikuwa na shida inayofanana, kwa idadi kubwa zaidi: wauguzi zaidi ya 20,000 wenye cheti tu. Kuwaingiza wote katika shule za bweni kungechukua miaka mingi mno. Basi mwaka 2005 AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya, wizara ya afya na kampuni ya Accenture walianzisha masomo kwa kompyuta, ili muuguzi apande hadi stashahada bila kuacha wodi. Chuo Kikuu cha Aga Khan, tangu 2001, kilikuwa tayari kinafundisha wauguzi walio kazini nchini Kenya, Uganda na Tanzania, ingawa wao walihudhuria darasani siku chache za wiki. Kwa njia hiyo wengi wamefika digrii.

Watu huitaja intaneti kana kwamba ndiyo mwalimu. Kule Kenya haikuwa hivyo. Mazoezi yalibaki hospitalini, chini ya macho ya msimamizi, na mtihani ulikuwa wa Baraza lenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuiita diploma ile ya bandia.

Kwetu umeme wa jua unapatikana, na simu inashika mtandao mahali pamoja ikipotea pengine. Hilo lina dawa. Kikwazo ninachokiona kigumu zaidi ni cha ofisi: shule za A2 ziko chini ya wizara ya afya, ISTM ziko chini ya wizara ya elimu ya juu. Kenya walikuwa na baraza moja la kusema ndiyo. Huku ni lazima wizara mbili zikubaliane kwamba miaka ya kazi kituoni inahesabika, kwamba hospitali kuu ya zoni inaweza kusimamia mazoezi, na kwamba A0 aliyesomea kijijini atalipwa kama A0 wa Kinshasa.