Msalaba: Kutoka Chombo cha Dola hadi Nembo ya Dola

Katika mijadala ya vijana wetu hurudiwa hoja kwamba msalaba ni alama ya kipagani iliyoingizwa kanisani kutoka Babeli. Hoja hiyo ilienezwa sana na Alexander Hislop, mchungaji wa Uskoti wa karne ya 19, aliyedai kuwa ulikuwa herufi ya mungu Tamuzi. Ni kweli kwamba mistari miwili inayokatana imechorwa na mataifa mengi ya kale. Lakini kufanana kwa maumbo si ushahidi wa nasaba, na wanaotafuta asili ya msalaba hekaluni huisahau mahakama.

Msalaba ulikuwa adhabu ya serikali. Warumi waliwatundikia watumwa na waasi, tena mahali pa wazi, ili wapita njia waone na waogope. Mwaka 71 K.K., uasi wa Spartacus ulipozimwa, mateka wapatao 6,000 walisulubiwa kando ya barabara itokayo Capua hadi Roma. Kiswahili chenyewe kinaitunza kumbukumbu hiyo: msalaba na kusulubu vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu.

Ndiyo maana Wakristo wa mwanzo hawakuharakisha kuuchora. Katika makaburi yao ya chini ya ardhi huko Roma tunakuta samaki, nanga na mchungaji mwema. Mojawapo ya michoro ya kale kabisa ya kusulubiwa imechorwa na mtu wa dhihaka: ukutani katika kilima cha Palatino, yapata mwaka 200, mtu mwenye kichwa cha punda yuko msalabani, na chini yake maneno ya Kigiriki yanasema kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Dhihaka hiyo ni ushahidi mzito, kwani adui hakejeli jambo asilolijua. Na huko Carthage, barani mwetu, Tertullianus aliandika mwanzoni mwa karne ya 3 kwamba waumini walijichorea ishara hiyo kwenye paji la uso katika shughuli zao za kila siku. Wanaosema msalaba ulibuniwa na Konstantino wamechelewa miaka mia moja.

Alichofanya Konstantino ni kingine. Baada ya ushindi wake wa mwaka 312, alama ya Kristo, iliyoundwa kwa herufi mbili za mwanzo za jina hilo kwa Kigiriki, iliingia katika bendera za jeshi. Karne hiyohiyo adhabu ya kusulubu iliachwa, na kizazi kisichowahi kumwona mtu akifia mtini kikaweza kuupamba mti huo kwa dhahabu na vito. Aliyeteswa na dola sasa alitangulia majeshi ya dola.

Afrika haikusubiri Ulaya. Mfalme Ezana wa Aksum, katika karne hiyo ya 4, aliondoa mwezi mwandamo na duara katika sarafu zake, akaweka msalaba. Sarafu hizo ni miongoni mwa za kwanza duniani kuubeba, na zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu.