Kutoka Guantánamo hadi Angenga: amri ya kufunga gereza haitoshi

Nyangwe, Maniema – Kati ya familia zilizokimbia Salamabila na vijiji vingine vya teritware ya Kabambare, kuna wanaomlilia mtu aliyeuawa na wapiganaji wa Mai-Mai, na kuna wanaomtafuta kijana aliyekamatwa kwa sababu alisemwa kuwa ni Mai-Mai. Wa kwanza wanataka wauaji wafungwe. Wa pili wanataka kujua mtoto wao yuko wapi. Ubishi wa miaka mingi juu ya gereza la Guantánamo, hata kama liko ng'ambo ya bahari, unagusa maombi yote mawili.

Gereza hilo liko ndani ya kambi ya jeshi la maji la Marekani, kwenye kisiwa cha Kuba. Wafungwa 20 wa kwanza walifikishwa huko tarehe 11 Januari 2002, miezi minne baada ya mashambulizi ya New York na Washington. Kwa jumla walipitia humo watu karibu 780. Serikali ya Rais George W. Bush ilichagua mahali pale kwa kufikiri kwamba waamuzi wa Marekani hawana nguvu huko. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya inchi hiyo ilikataa wazo hilo: mfungwa ana haki ya kumwuliza mwamuzi kwa nini anashikiliwa.

Tarehe 22 Januari 2009, siku mbili baada ya kuapishwa, Rais Barack Obama alitia sahihi amri ya kufunga gereza ndani ya mwaka mmoja. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, Seneti ilipiga kura 90 kwa 6 kukataa pesa za kazi hiyo. Kusema kweli, shida haikuwa kuta. Shida ilikuwa watu waliomo: waende wapi, nani awapokee, nani awahukumu?

Jibu la kwanza lilimpitia mtu wa Zanzibar. Ahmed Khalfan Ghailani alishtakiwa kwamba alisaidia mashambulizi ya tarehe 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walikufa, 213 kati yao Nairobi, na wengi walikuwa Waafrika waliokuwa wakipita njia au wakifanya kazi zao. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa na shirika la ujasusi CIA, kisha akapelekwa Guantánamo mwaka 2006. Juni 2009 alifikishwa New York mbele ya mahakama ya kiraia. Ndiye mfungwa pekee wa Guantánamo aliyehukumiwa namna hiyo.

Mwamuzi alimkataa shahidi mmoja mkubwa, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa maneno ambayo Ghailani alilazimishwa kuyasema kule mafichoni. Novemba 2010 raia walioketi kutoa uamuzi walimwona hana hatia katika mashtaka 284, wakampata na hatia katika moja tu. Watetezi wa Guantánamo walipiga kelele: mnaona, mahakama za kiraia zitawaachilia! Lakini shtaka hilo moja lilimletea kifungo cha maisha, Januari 2011. Toka kufika New York hadi hukumu, hata miaka miwili haikutimia. Pale Guantánamo, kesi ya wanaoshtakiwa kwa mashambulizi ya Septemba 2001 ilikuwa haijapata hukumu hata mwaka 2025 ulipoanza. Wafiwa wa Nairobi walipata angalau jibu moja. Wafiwa wa New York wanangojea bado.

Kuna pia Mkenya Mohammed Abdul Malik Bajabu. Alikamatwa Mombasa Februari 2007, akapelekwa Guantánamo mwezi uliofuata. Marekani ilimtuhumu juu ya shambulizi la hoteli ya Kikambala la mwaka 2002, lakini haikumfungulia mashtaka hata siku moja. Mwishoni mwa 2021 tume ya Marekani yenyewe ilisema anaweza kutoka. Alirudishwa Kenya tarehe 17 Desemba 2024. Karibu miaka 18 bila kesi: kama alikuwa na kosa, waliouliwa Kikambala hawakulisikia mbele ya mwamuzi, kama hakuwa nalo, nani atamrudishia ujana wake? Rais Joe Biden alipoondoka Januari 2025, wafungwa 15 walikuwa wamebaki.

Kongo pia inajua amri za namna hiyo. Machi 2001 Rais Joseph Kabila aliamuru kufunga makasho yote yasiyo chini ya uangalizi wa mahakama. Kinshasa baadhi yalifungwa, lakini watu waliendelea kukamatwa na kushikiliwa kwa siri. Kasongo amri hiyo haikufika hata kidogo: wakati ule eneo lilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD.

Halafu kuna Angenga, gereza la kijeshi katika teritware ya Lisala, jimbo la Mongala. Maji yanayopita hapa Nyangwe ndiyo yanayopita Lisala, lakini kwa mama wa mashariki ni kama inchi nyingine: watu husema Lingala, na safari inamshinda. Aprili 2016 shirika la Human Rights Watch lilitangaza kwamba vijana 29 wa miaka 15 hadi 17 walikuwa wamefungwa humo pamoja na watu wazima tangu mwaka 2015, wakituhumiwa kuwa wapiganaji wa FDLR. Hawakuwa na avoka, hawakuwa na mashtaka, na jamaa zao hawakuweza kuwafikia.

Sheria ilikuwepo tayari. Kodi ya mahakama za kijeshi ya Novemba 2002 inasema katika kifungu cha 114 kwamba mahakama hizo hazina uwezo juu ya mtu asiyefika miaka 18. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, aruhusiwe kuwasiliana na jamaa na avoka wake, na asishikiliwe zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya wakubwa wa sheria.

Angenga haijafungwa. Kati ya mwisho wa 2024 na mwanzo wa 2025, serikali ilipeleka huko kwa ndege mamia ya vijana wa Kinshasa wanaoitwa Kuluna.